Anachukua Historia

Kinondo, 14 Septemba 2024

Mpwa wangu Mwanarusi,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini nakujibu mapema, maana kwa njia hii shikamoo yako itanifikia nikiwa nimeshazikwa. Umeamua kusoma mambo ya kale, basi nami nitawasiliana nawe kwa njia za kale. Simu yangu nimempa mamako. Usinitumie ujumbe, sitausoma. Barua zako mpe mtu wa basi la Mombasa, zifike ofisi ya vifurushi hapo Ukunda, nami nitazichukua nikienda Ijumaa.

Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mamako Twaiba bado anauza mahamri na mbaazi asubuhi na bado anasema kesho ataacha. Nyanya yako yuko. Jicho lake la kulia ukungu umezidi, na la kushoto linamfuata mwenzake. Msambweni walisema ni mtoto wa jicho, wanamtoa asubuhi, jioni uko nyumbani. Hataki. Ukimuuliza kwa nini, anasema ana mpango wake.

Mimi mzima. Cherehani inakwenda, ila kazi za vifungo na darizi nimewaachia vijana. Mtu wa umri wangu hawezi kushinda ameinamia tundu la sindano kama anayechungulia nyumba ya watu. Jirani yetu Kimanzi naye ameota kiburi. Tangu bintiye Kavenya aingie chuo cha uuguzi hapa Msambweni, tunapishana njiani, hanisalimu.

Sasa lililonishikisha kalamu. Nasikia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuhama kozi. Hama. Hii historia yako nimeiulizia kazi. Unajua nimeshonea hoteli za Diani sare tangu hujazaliwa, wakubwa wote nawajua. Nilimuuliza mmoja, mtu mwenye shahada ya historia mtampa kazi gani? Alifikiri sana, Mungu amlipe kwa adabu zake. Akasema ipo nafasi ya kujifunga leso na kusimama mlangoni kuwakaribisha wageni. Nikamwambia leso anazo.

Waliokufa wameshakufa, mpwa wangu. Hawaajiri mtu.

Nyanya anakuombea dua kila sala.

Mjomba wako,
Sefu Chirau


Eldoret, 9 Oktoba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeituma hata hivyo, iwe akiba yako.

Barua yako ilipita hapa Eldoret ikaenda kutalii Kitale, ndiyo maana nachelewa kujibu. Mimi sijambo. Baridi ya huku inaingia hadi kwenye chai. Chumbani naishi na Kaindi, msichana wa Makueni, naye anasoma historia, kwa hiyo tunafarijiana kama wafiwa. Mwandiko wako nao umenona, Mjomba. Nakumbuka vipimo ulivyokuwa ukiandika pembeni mwa kitambaa, herufi ndogo kama punje za mchele. Sasa kila herufi embe. Au ndiyo heshima anayopewa mwanachuo?

Kuhusu kazi, usidhani uliuliza peke yako. Hapa kila anayesikia ninachosoma anauliza, hata mama anayetuuzia ndizi. Siku ya kwanza mhadhiri alitaka kujua ni nani aliyeichagua historia kwa hiari yake. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache, na wangu ulifika nusu ya njia. Akatuambia tusihofu, wahitimu wa historia wanafanya kazi kila mahali. Kaindi akaninong'oneza kwamba "kila mahali" ndiyo anwani ya mtu asiye na ofisi.

Wapo wanaofundisha, wapo kwenye makumbusho na hifadhi za nyaraka, wapo magazetini na kwenye mashirika. Na kila mlango una foleni, sikufichi. Lakini hata wauguzi nawaona kwenye taarifa ya habari wakiomba waajiriwe, na hakuna mjomba aliyewaambia wahame.

Sasa nami nina swali. Wiki jana mama alinipigia, akampa Nyanya simu. Nyanya akaniuliza, "Mwanangu, mmeshafika kwenye macho, au bado mko miguuni?" Sikumwelewa. Nikamwambia tuko Misri. Akashukuru, akasema Misri kuna dawa nzuri.

Mjomba, Nyanya anadhani mimi nasoma nini?

Nisalimie wote, na Kimanzi pia, hata kama hasalimii.

Mwanarusi


Kinondo, 22 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata, nikaimaliza kwa siku mbili. Acha kuandika kwa hiyo kalamu ya buluu, hiyo ni ya wachoyo wa wino. Tumia nyeusi, na usibane herufi kana kwamba karatasi unaikodi.

Huku mvua za vuli zimeanza, na barabara ya kutoka Ukunda sasa ni bwawa, tunangoja tu samaki. Mamako ameongeza viazi karai kwenye biashara yake. Mzee Randu, yule anayekata makuti, ana goti linalomsumbua. Amekuja mara kadhaa kuuliza utafunga chuo lini. Nilimwambia wewe mambo yako ni ya zamani. Akasema goti lenyewe ni la zamani.

Kimanzi hajabadilika. Nilimkuta pale njiapanda ya Kinondo, nikamtazama, akanitazama, hakuna aliyesema kitu. Mwache na muuguzi wake.

Pamoja na barua hii nakutumia gauni la dira nililokushonea kwa mkono wangu. Kitambaa nilikichagua mwenyewe. Ukilivaa, wenzako watajua umetoka kwenye watu.

Nyanya tulimpeleka Msambweni walipokuja madaktari wa macho kutibu watu bure. Tulitoka alfajiri, tukakaa foleni, ikafika zamu yake, akaingia. Muda si muda akatoka na macho yake yale yale. Alichowaambia mle ndani sikukisikia, mimi nilikuwa nje natafuta kivuli. Wakaniambia nimrudishe Aprili watakapokuja tena, maana la kulia limeanza kuharibika vibaya.

Na kile kiti cha kuhama kozi bado kiko wazi, au umeshakikalia?

Kuhusu lile swali lako la Nyanya, ningekujibu, ila karatasi imeniishia.

Mjomba wako,
Sefu


Eldoret, 10 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Karatasi ilikuishia vibaya sana. Chini ya jina lako palibaki nafasi ya kuanika shuka.

Sitakuja mwezi huu. Wahadhiri waligoma, mitihani ikasukumwa, na sasa tunafungwa chuoni wakati wenzetu wanakula pilau na Krismasi. Dira nimelipokea na nimelivaa. Pindo la kushoto linaelekea Kwale, la kulia linaelekea Lunga Lunga. Wenzangu walidhani ni mtindo wa pwani, na mmoja ameomba umshonee kama hilo. Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Kwa kuwa wewe hukusikia Nyanya aliyosema mle ndani, Kavenya alisikia. Alikuwa zamu siku ile, yeye ndiye aliyekuwa akiita majina. Anasema daktari alimweleza Nyanya kila kitu, naye akamjibu kwa adabu, "Ahsante mwanangu, lakini mimi nina wangu. Nina mtoto wa jicho, namsubiri mjukuu wa jicho. Yuko Eldoret, anachukua historia."

Daktari akadhani ni mwenzake.

Kavenya akanikumbusha kisa chenyewe. Nyanya alipolazwa kwa ajili ya presha, kila asubuhi walimwambia, "Mama tulia, daktari anakuja kuchukua historia." Anakuja kijana mwenye koti jeupe, anamuuliza maumivu yalianza lini na alikula nini. Kwa Nyanya, anayechukua historia ni daktari, na labda daktari mkubwa, maana yeye hata sindano hashiki. Kisha siku mliponiaga, ukasimama mbele ya watu na shati lako la kupiga pasi, ukasema, "Mwanarusi wetu anakwenda chuo kikuu kuchukua historia." Nyanya akainua mikono juu. Mimi nilidhani anafurahi. Wewe ulijua, Mjomba, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukilala naye wodini. Na ukaitikia amina. Nilikuwapo, nilikusikia.

Nimekasirika. Nyanya anapofuka akinisubiri mimi, na mimi nimekaa huku nikihesabu mafarao.

Mpwa wako,
Mwanarusi


Kinondo, 30 Januari 2025

Mpwa wangu mheshimiwa,

Hongera. Kila siku nilikuwa nikijiuliza historia ina kazi gani, sasa nimejua. Kazi yake ni kumpeleleza mjomba.

Nilisema uongo gani? Nilisema unachukua historia. Unaichukua, huichukui? Mtu ameshainua mikono anaomba dua, watu wote wameitikia, ulitaka mimi nimwambie mama, shusha, siyo historia hiyo? Na wewe mwenyewe, tangu asubuhi ile hadi leo, nani mwingine amekuitikia amina kwa ajili ya hiyo kozi yako?

Wazima wote. Mamako ameacha viazi karai. Randu sasa anatembea na fimbo na ananilaumu mimi.

Tuache mizaha kidogo. Aprili madaktari wanarudi. Nyanya sasa anamwaga chai nje ya kikombe na anasema kikombe kimehama. Juzi alimwamkia Twaiba shikamoo, mwanawe wa kumzaa. Tulicheka, kisha Twaiba akaenda jikoni akalia. Naogopa, Mwanarusi. Mimi na wewe tunaweza kubishana mpaka kiama, lakini yule mwanamke hana muda huo.

Kwa hiyo nakuomba. Mpigie. Sema neno moja tu, "nenda." Mwambie kwenye macho bado hamjafika, kwa sasa awakubalie wale wa Msambweni. Atakubali kwa kuwa umesema wewe. Au kama kusema uongo kunakuwasha ulimi, hama hiyo kozi, uongo ugeuke kweli, sote tupumzike.

Kimanzi sina habari zake.

Mjomba wako


Eldoret, 3 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sitampigia.

Si kwamba ulimi unaniwasha. Akienda kwa amri ya daktari ambaye hayupo, jicho likapona, kila mgonjwa wa Kinondo atakuja kwangu. Lisipopona, nitamwambia nini?

Kuhusu kuhama, nilikwenda kuuliza. Nilikuta mstari mrefu wa watu wanaotaka kutoka tunakosoma. Nikajiunga nao, nikasogea, nikakaribia mlango. Aliyekuwa mbele yangu aliulizwa anataka kwenda wapi, akasema popote. Nikatoka kwenye mstari nikarudi darasani. Usiniulize kwa nini, sikuwa na sababu ya kukupendeza. Nilijua tu kwamba sitaki kwenda popote. Baadaye niliogopa, na hadi leo naogopa, ukitaka kujua. Lakini naogopa nikiwa ninasoma ninachokipenda.

Tukifunga Aprili nakuja. Nitamwambia Nyanya mwenyewe, uso kwa uso. Usinitangulie kwa maneno. Wewe shona tu, na pindo liangalie.

Mwanarusi


Kinondo, 12 Mei 2025

Mpwa wangu,

Natumai ulifika salama na baridi yenu haijakumaliza. Mamako anasema ulisahau leso moja. Nimemwambia hukuisahau, umeacha akiba ya ile kazi ya mlangoni.

Uliondoka siku mbili kabla ya madaktari, kwa hiyo nakuandikia yaliyofuata. Lakini kwanza ujue kwamba siku ile ulipokaa na Nyanya jikoni, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikipanga kuni. Ndiyo, najua tunapikia gesi.

Nilikusikia ukimwambia wewe si daktari na hutakuwa daktari. Nikangoja alie, au akutukane, au aniite mimi. Badala yake akauliza, "Sasa hiyo historia yenu, mnaichukuaje?"

Ukamwambia, "Tunauliza, kisha tunasikiliza. Hatukatizi."

Akasema, "Haya. Chukua."

Mimi nilichoka kusimama, Mwanarusi. Mlianza alasiri, akakupitisha kwenye harusi yake, kwenye shamba la minazi la babu yako, kwenye watu ambao majina yao mimi nilidhani ni ya mbuzi. Hukumkatiza hata mara moja, na mimi nilikuwa nakaribia kuingia nimwambie afupishe. Ndipo akafika kwa dadake, Bi Shutu. Mimi nilijua tu kwamba Bi Shutu alikufa baada ya kutolewa mtoto wa jicho, na kwamba ni maradhi mengine yaliyomuua. Sikujua kwamba walimkataza kuinama baada ya kutoka hospitali, akawa haendi sijida, na mauti yakamkuta kabla hajaruhusiwa. "Shutu alikwenda kwa Mola wake paji la uso halijagusa chini," akakwambia. "Mimi sikubali kwenda hivyo."

Kumbe mwaka mzima "nina wangu" ilikuwa njia ya adabu ya kusema hapana. Tulimbembeleza, tulimgombeza, tulimdanganya. Hakuna aliyemuuliza akangoja jibu. Na mimi ndiye mwanawe.

Maalim Kheri wa msikitini tulipomwita alishangaa kwamba hilo ndilo lililokuwa likimzuia. Akamweleza kwamba asiyeweza kuinama anasali ameketi, anaashiria kwa kichwa, na sala yake ni kamili. Hata Bi Shutu, alisema, hakupungukiwa kitu. Nyanya akalia hapo. Asubuhi ya madaktari alikuwa amevaa buibui kabla yetu.

Wamemtoa mtoto wa jicho la kulia, la kushoto baadaye. Walipofungua bendeji alinitazama kwanza mimi. Akasema, "Sefu, umezeeka lini?" Kisha akatazama mahamri ya mamako, akasema kumbe siku zote huwa anayaunguza. Nyumba haina amani tena. Daktari alimuuliza aliyemshawishi ni nani, akajibu ni mjukuu wake. Akaulizwa, ni daktari? Akasema, "Hapana, anachukua historia." Daktari akamwandikia hivyo hivyo, nadhani bado hajaelewa.

Mimi bado nauliza utafanya kazi gani. Usidhani nimeacha.

Mjomba wako,
Sefu


Eldoret, 8 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na ahsante kwa habari za Nyanya. Nilisoma nikacheka, kisha nikalia, Kaindi akadhani mmefiwa.

Nami nina habari. Umeuliza kazi, nimeipata, ya mwezi mmoja. Agosti nitakuwa Kwale na watu wa makumbusho, tukirekodi simulizi za wazee. Mshahara hakuna. Nitapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, kwa hiyo mwambie rafiki yako wa Diani nitapendeza hata mlangoni.

Barua hii nimeiandika kwa wino mweusi, herufi kubwa kama maembe, ili usiniambie karatasi imekuishia. Wewe ulijificha nyuma ya ukuta ukasikia ya Nyanya. Mimi sikujificha, nimesoma tu. Simu hukuiacha kwa sababu mimi nasoma ya kale. Uliiacha kwa sababu zile herufi zake huzioni. Barua yangu ya ukurasa mmoja uliisoma siku mbili. Vifungo umewaachia vijana, na wewe hujawahi kumwachia kijana hata uzi. Kimanzi nilimuuliza mwenyewe Aprili. Anasema kila akikuona anakupungia mkono, nawe unapita kama waziri. Yeye anadhani wewe ndiye uliyeota kiburi. Na dira langu, Mjomba, ulilishona kwa kupapasa. Nimelikunja nimeliweka, silipeleki kwa fundi mwingine.

Nilikuona pia ukikishika kikombe. Ulikitafuta kwa kidole kwanza, kama Nyanya alivyokuwa akifanya. Nikajiambia labda nimekosea. Lakini juzi Nyanya amenipigia. Sasa ana jicho, na kazi yake ni kukutazama. Anasema sindano unaitunga uzi kwa bismillahi na bahati, na kwamba umemwambia asimwambie mtu, kwa sababu fundi asiyeona nani atamletea kitambaa. Alikusikiliza akakuahidi, kisha akanipigia papo hapo.

Kwa hiyo mlipokuwa mkimbembeleza Nyanya aende, aliyemshika mkono kumpeleka naye alihitaji kushikwa mkono. Ulikaa nje ya kile chumba ukitafuta kivuli, na kitanda kilikuwa mle mle ndani. Sijui nicheke au nikuchukie.

Nyanya anarudi Msambweni kwa jicho la kushoto mwisho wa mwezi huu. Amesema mtakwenda pamoja, na safari hii yeye ndiye atakayekushika mkono, awaonyeshe watu mwanawe. Kavenya atawapokea. Kimanzi atawabeba kwa gari lake, ukikubali kumwamkia.

Kitambaa nitakuletea mimi. Agosti nitakuja na nguo nzima, na wenzangu wote wanaotaka mtindo wa pwani.

Na usinijibu kuhusu kazi. Nina swali moja tu, nitaliuliza nikiwa mbele yako, na ujibu kwa urefu unaotaka, mimi sitakukatiza. Ukungu wa macho ulianza lini, Mjomba?

Mwanarusi